Hukumu ya Ban Gu juu ya Sima Qian: Tunaipima kwa Dalili Zake

Ndugu msomaji, katika vitabu vingi vinavyoeleza historia ya Uchina ya kale kwa ufupi utakuta habari ya namna hii: kwamba zamani Utao ulishika baraza la wafalme, kisha mwaka 136 kabla ya Miladia Ukonfusio ukaushinda, na tangu hapo kila tabaka la watu likatulia mahali pake. Mwanachuoni akawa juu, akafuatiwa na mkulima, kisha fundi, na mfanyabiashara akawa chini kabisa. Habari hii ni nyepesi kuhifadhi, na kwa sababu hiyo hurudiwa. Lakini mwenye kurejea kwenye vitabu vya asili ataona kuwa mambo hayakwenda hivyo.

Katika makala hii hatukusudii kuieleza historia hiyo yote. Tumechagua jambo moja, nalo ni hukumu aliyoitoa mwanahistoria Ban Gu (aliyefariki mwaka 92 Miladia) dhidi ya mwanahistoria aliyemtangulia, Sima Qian. Tumeichagua kwa sababu ndani yake yamo masuala yote mawili: ugomvi wa Utao na Ukonfusio, na mabadiliko ya nafasi za watu katika jamii. Na tumeichagua pia kwa sababu ni mfano wa mwanachuoni mkubwa anayemhukumu mwanachuoni mkubwa, na sisi tunaosoma baada yao tunadaiwa kujua ni lipi la kupokea na ni lipi la kuacha. Tarehe za kabla ya Miladia tutaziwekea alama ya K.M.

Watu wawili na vitabu viwili

Dola ya Qin iliziunganisha nchi za Uchina mwaka 221 K.M., na haikudumu ila miaka michache. Baada yake ikaja dola ya Han, ambayo mwasisi wake, Liu Bang, hakuwa mtoto wa mfalme bali mtu wa kawaida aliyekuwa na kazi ndogo ya serikali katika wilaya yake. Hapo tayari unaona, msomaji, kwamba mpangilio wa watu ulikuwa umekwisha kutikisika: aliyekuwa chini akakaa juu ya wote, na masahaba zake wa vita, wasio na nasaba, wakapewa ardhi na vyeo.

Sima Qian aliishi katika zama za mfalme Wu, aliyetawala kuanzia mwaka 141 hadi 87 K.M. Baba yake, Sima Tan, alikuwa na cheo cha mwandishi na mnajimu mkuu wa dola, na alipofariki mwaka 110 K.M. alimwachia mwanawe usia wa kuikamilisha kazi ya historia aliyoianza. Mwaka 99 K.M. jemadari Li Ling alijisalimisha kwa maadui wa kaskazini baada ya kupigana na askari wachache. Sima Qian akamtetea mbele ya mfalme, na mfalme akaghadhibika. Akahukumiwa, na kwa kuwa hakuwa na mali ya kujikomboa, akahasiwa. Aliipokea adhabu hiyo ya fedheha badala ya kujiua, ili kitabu kisife. Kitabu hicho, Shiji, kina sura 130.

Ban Gu alikuja zaidi ya miaka 100 baadaye. Naye pia alirithi kazi ya baba yake, Ban Biao, aliyefariki mwaka 54 Miladia. Aliandika Hanshu, historia ya nusu ya kwanza ya dola ya Han, yenye sura 100. Sehemu kubwa ya habari za miaka ya mwanzo aliichukua kwa Sima Qian, na katika kitabu hicho akaweka wasifu wa Sima Qian, na mwisho wa wasifu huo akatoa hukumu yake.

Shutuma tatu

Tuanze kwa insafu. Ban Gu hakumtukana Sima Qian. Alimkubalia upana wa elimu, na akanukuu ushahidi wa wanavyuoni waliomtangulia, Liu Xiang na Yang Xiong, kwamba Sima Qian alikuwa na kipaji cha mwanahistoria wa kweli, hapambi sifa za uongo wala hafichi maovu. Isitoshe, ni Ban Gu aliyetuhifadhia ndani ya Hanshu barua ya Sima Qian kwa rafiki yake Ren An, ambamo alieleza kwa nini alichagua kuishi na aibu. Mkosoaji anayehifadhi utetezi wa anayemkosoa anastahili heshima.

Kisha akamshutumu kwa mambo matatu. La kwanza, kwamba katika kueleza njia kuu ya maisha alitanguliza mafundisho ya Huang-Lao na kuviweka nyuma vitabu vya msingi vya Wakonfusio. La pili, kwamba alipoandika juu ya wababe wa mitaani aliwadogosha wanavyuoni waliojitenga na dunia na kuwainua watu wa fujo. La tatu, kwamba alipoandika juu ya mali na biashara alitukuza nguvu na faida na kuufanya umaskini kuwa aibu.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanajua kuwa kumjeruhi mtu bila ya kueleza sababu si sawa na kumjeruhi kwa sababu iliyofafanuliwa. Ban Gu ameeleza sababu zake. Basi na tuzipime moja baada ya nyingine.

Shutuma ya kwanza: kutanguliza Huang-Lao

Kwanza tujue Huang-Lao ni nini. Ni mafundisho yaliyonasibishwa na Mfalme wa Manjano, mtawala wa kale anayesimuliwa na Wachina, pamoja na Laozi. Katika miaka hiyo hayakuwa dini yenye makuhani na mahekalu kama wengi wanavyodhani leo wasikiapo neno Utao. Jamaa za kidini za Utao, kama zile za Zhang Daoling, zilianza katika karne ya 2 Miladia. Huang-Lao ya mwanzo wa Han ilikuwa zaidi ni fani ya utawala: mtawala apunguze amri, asiwachoshe watu, aache kila jambo lishike mkondo wake. Waziri mkuu Cao Shen, aliyeshika cheo mwaka 193 K.M., aliifuata. Hakubadilisha sheria aliyoikuta, na nchi iliyochoshwa na vita ikapumua.

Mlinzi mkubwa wa mafundisho hayo alikuwa malkia Dou, mama wa mfalme Jing na bibi wa mfalme Wu. Sima Qian anasimulia kuwa malkia huyo alimwuliza mwanachuoni wa Kikonfusio, Yuan Gu, juu ya kitabu cha Laozi, naye akajibu kwa dharau kuwa hayo ni maneno ya watumishi wa nyumbani. Malkia akaghadhibika akaamuru atiwe zizini apigane na nguruwe. Mfalme Jing, aliyeona kuwa mwanachuoni hakufanya kosa la kustahili hayo, akampa silaha kali, naye akamchoma nguruwe na akasalimika. Malkia Dou alifariki mwaka 135 K.M., na baada yake wafuasi wa Huang-Lao wakapoteza nguvu barazani.

Sasa turudi kwenye shutuma. Maneno yanayoisifu Huang-Lao kuliko madhehebu mengine yamo katika sura ya mwisho ya Shiji, katika risala fupi inayolinganisha madhehebu sita ya fikra. Ndani yake Wakonfusio wanaelezwa kuwa na elimu pana yenye natija ndogo, ingawa wanakubaliwa kuwa utaratibu wao wa mfalme na waziri, baba na mwana, hauwezi kubadilishwa. Lakini risala hiyo ni ya nani? Shiji yenyewe inasema wazi kuwa ni ya Sima Tan, baba. Wala Ban Gu hana udhuru wa kutojua, kwani yeye mwenyewe ameinukuu ndani ya Hanshu, katika wasifu huohuo, na ameitaja kuwa ni ya baba.

Ama Sima Qian, mwana, masomo yake yanaonyesha mwelekeo mwingine. Alisoma kwa Kong Anguo, wa kizazi cha Confucius, na alimsikia Dong Zhongshu, mwanachuoni mkubwa wa Kikonfusio wa zama hizo. Tazama na mpangilio wa kitabu chake. Confucius hakuwahi kutawala nchi, lakini Sima Qian alimweka katika sehemu ya nyumba za watawala wa kurithiana. Laozi alimweka katika wasifu wa watu wa kawaida, tena akamchanganya na wengine watatu katika sura moja. Na mwisho wa sura ya Confucius anasimulia jinsi alivyozuru hekalu lake katika nchi ya Lu akashindwa kuondoka. Je, huyu ndiye aliyemweka nyuma Confucius?

Kuna ajabu nyingine. Ukisoma wasifu wa Ban Biao katika Hou Hanshu ya Fan Ye, utakuta kuwa shutuma hizi tatu, kwa maana yake, zilikwisha kutolewa na Ban Biao. Ban Gu alizirithi kwa baba yake na akaziandika bila ya kumtaja. Basi tuna mwana anayerudia maneno ya baba yake ili kumlaumu mwana mwingine kwa maneno ya baba yake! Tunasema: shutuma ya kwanza haikusimama.

Shutuma ya pili: wababe wa mitaani

Hapa jambo si jepesi. Sima Qian aliandika sura nzima juu ya watu waliokuwa na nguvu mitaani bila ya cheo cha serikali: watu waliowaficha wakimbizi, waliolipiza visasi, na waliotimiza ahadi hata kwa kutoa roho zao. Mashuhuri wao ni Guo Xie, ambaye Sima Qian alimwona kwa macho yake. Alikuwa mwuaji katika ujana wake, kisha akawa mpole na mnyenyekevu, mpaka watu wakawa wanaua kwa ajili yake bila ya yeye kuamuru. Mwanachuoni mmoja aliyemsema vibaya aliuawa na mfuasi wake. Gongsun Hong, Mkonfusio, akatoa rai kuwa kutojua kwa Guo Xie ni kosa kubwa kuliko lau angeua kwa mkono wake. Akauawa yeye na jamaa zake.

Tunakubali kuwa Ban Gu ana haki ya kuogopa hapa. Mtu anayehukumu na kuua kwa kuwa tu watu wanampenda, ni hatari kwa kila mtu asiye na wafuasi. Sima Qian mwenyewe anasema kuwa mwenendo wao haukulingana na sheria. Lakini alisifu wema mmoja walio nao: kumsaidia aliyepatwa na dhiki na kutimiza neno. Mwenye kujua kisa chake anaelewa. Alipokuwa kifungoni, hakuna rafiki aliyemwombea wala jirani wa kifalme aliyesema neno. Wanavyuoni wenye vyeo walinyamaza. Basi aliwapima watu kwa kipimo cha siku ile. Kipimo hicho ni cha kweli, ila hakitoshi peke yake, na katika hili tunampa Ban Gu sehemu ya haki.

Shutuma ya tatu: mali na biashara

Mwasisi wa dola ya Han aliwakataza wafanyabiashara kuvaa hariri na kupanda magari, na akawatoza kodi nzito. Baadaye kidogo masharti yakalegezwa, lakini watoto wa watu wa sokoni wakaendelea kuzuiwa kushika kazi za serikali. Hiyo ndiyo sheria. Hali halisi je?

Sima Qian alikwenda kuitazama. Anaeleza juu ya ukoo wa Zhuo, waliohamishwa kwa nguvu hadi Linqiong katika nchi ya Shu, wakaanza kuyeyusha chuma na wakawa matajiri wenye watumwa 1,000. Anaeleza juu ya mjane Qing wa nchi ya Ba, aliyeisimamia migodi ya familia yake na kuilinda kwa mali yake, mpaka mfalme wa kwanza wa Qin akamheshimu na kumjengea jengo la kumbukumbu. Mwanamke, mjane, wa pembezoni, asiye na cheo! Na anaeleza juu ya Zigong, mwanafunzi wa Confucius mwenyewe, aliyekuwa mfanyabiashara, na anasema kuwa mali yake ilisaidia kulieneza jina la mwalimu wake. Watu wa namna hii aliwaita kwa jina lenye maana ya mabwana wasio na hati ya ubwana.

Ni kweli Sima Qian alisema kuwa mtu asiye na mwenendo wa pekee, akadumu katika umaskini huku akipenda kuzungumzia wema na uadilifu, naye ana la kuona haya. Hapo ndipo Ban Gu aliposhika. Lakini aliacha yaliyo katika sura ileile. Sima Qian alizipanga mali kwa daraja: bora ni itokanayo na kilimo, inayofuata ni ya biashara, na ya chini kabisa ni ipatikanayo kwa hila na uovu. Mwenye kuweka daraja kama hizo hawezi kuambiwa kuwa anatukuza faida bila ya mpaka.

Na shahidi mkubwa dhidi ya Ban Gu ni Ban Gu mwenyewe. Katika sura yake ya uchumi, iliyo miongoni mwa sura bora za Hanshu, amehifadhi waraka wa waziri Chao Cuo kwa mfalme Wen. Maana yake ni kuwa sheria inamdharau mfanyabiashara ilhali yeye ametajirika, na inamtukuza mkulima ilhali yeye amekuwa fukara. Kama waraka huo ni wa kweli, na Ban Gu ameupokea kuwa ni wa kweli, basi Sima Qian alieleza yaliyokuwapo tu.

Tena mfalme Wu alipohitaji fedha za vita, aliwaweka watu wa sokoni wasimamie chumvi na chuma za dola: Dongguo Xianyang mchemsha chumvi, Kong Jin mfua chuma, na Sang Hongyang, mtoto wa mfanyabiashara wa Luoyang. Mwaka 81 K.M. wanavyuoni zaidi ya 60 waliitwa barazani wakajadiliana na serikali ya Sang Hongyang juu ya ukiritimba huo. Wanavyuoni walisema kuwa dola isishindane na raia katika faida. Ukiritimba wa pombe ukaondolewa, ule wa chumvi na chuma ukabaki kwa sehemu kubwa. Basi iko wapi ile habari kwamba baada ya mwaka 136 K.M. kila tabaka lilitulia mahali pake?

Kwa nini Ban Gu aliona alivyoona

Jawabu yake imo katika zama zake. Mwaka 136 K.M. mfalme Wu aliweka walimu rasmi wa vitabu vitano vya Kikonfusio, na mwaka 124 K.M. chuo cha dola kikapewa nafasi za wanafunzi 50. Mwenye kuipendekeza kazi hiyo alikuwa Gongsun Hong tuliyemtaja, aliyekuwa mchunga nguruwe katika ujana wake na akawa waziri mkuu. Katika siku za Sima Qian mlango huo ulikuwa umefunguliwa punde tu. Kabla ya kumalizika karne ya 1 K.M. wanafunzi walifika 3,000, na katika karne ya 2 Miladia walizidi 30,000. Kwa hiyo Ban Gu aliishi katika jamii ambamo njia ya heshima ilikuwa ni kusoma vitabu hivyo na kupewa kazi. Alidhani kuwa hali hiyo ndiyo ya siku zote, na akamhukumu mtu wa zama nyingine kwa mizani ya zama zake.

La pili ni jicho la mtawala. Ban Gu alianza kuandika historia nyumbani, akashtakiwa kuwa anaiandika historia ya dola kwa siri, akafungwa. Alitolewa baada ya ndugu yake kumtetea, na ndipo akaandika kwa idhini ya mfalme Ming. Mwaka 74 Miladia mfalme huyo alitamka mbele ya Ban Gu na wenzake kuwa Sima Qian, kwa uchungu wa adhabu yake, aliwasema vibaya watawala kwa mafumbo, na kwamba hakuwa mtu wa haki. Aliyesikia hayo kwa masikio yake, naye amewahi kulala kifungoni kwa ajili ya kitabu, hawezi kuwa huru kama asiyesikia.

Ban Gu alimsikitikia Sima Qian kuwa, pamoja na elimu yake, hakuweza kujiokoa na adhabu. Mwaka 92 Miladia jemadari Dou Xian, aliyekuwa mlinzi wa Ban Gu, alianguka. Ban Gu akakamatwa na akafia gerezani. Fan Ye aliyaona hayo na akayaandika.

Kitabu kilikuwa hakijakamilika. Aliyeamriwa na mfalme He kukikamilisha ni dada yake, Ban Zhao, mjane. Aliwasomesha malkia na wanawake wa kasri, na mwanachuoni Ma Rong alikisoma Hanshu kwake. Yeye ndiye mtungaji wa Nü Jie, risala ya sura saba inayomfundisha mwanamke unyenyekevu, na ndani ya risala hiyohiyo anadai kuwa watoto wa kike wafundishwe kusoma kama wa kiume. Waliokuja baadaye walishika la kwanza wakaliacha la pili. Hivyo hata nyumba ya Ban Gu ilitoa dalili kuwa nafasi za watu hazikuwa zimefungwa kama inavyosemwa.

Faida tunayoipata

Huenda msomaji akauliza: yana faida gani haya kwetu? Tunasema: Waislamu wa Uchina waliishi karne nyingi ndani ya jamii iliyojengwa juu ya fikra hizi. Wang Daiyu, aliyechapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1642, na Liu Zhi mwanzoni mwa karne ya 18, waliieleza dini yao kwa Kichina na kwa istilahi za Kikonfusio. Asiyejua istilahi hizo zilitoka wapi na zilibadilikaje, atawahukumu kwa pupa, ama kwa kuwasifu kupita kiasi au kwa kuwatuhumu wasilokuwa nalo.

Kwa ufupi, katika shutuma tatu za Ban Gu, ya kwanza imeanguka kwa sababu maneno yamenasibishwa kwa asiyeyasema. Ya pili imesimama kwa sehemu. Ya tatu imeanguka kwa ushahidi wa kitabu cha mshitaki mwenyewe. Pamoja na hayo Hanshu inabaki kuwa hazina, na tumeweza kumrudi Ban Gu kwa sababu yeye alihifadhi kwa uaminifu hata yale yanayompinga. Mkosoaji wa leo ambaye atafanya nusu ya hayo, yaani kuinukuu kauli ya anayempinga kikamilifu na kumtaja mwenyewe aliyeisema, atakuwa amewatendea haki wasomaji wake, hata kama hukumu yake itakosea.

Wallahu aalam.